Komunyo ya Kwanza bila kadi za mchango: shajara ya shule yetu, Januari hadi Juni 2025

Shule yetu ni ndogo, ya parokia, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa. Mimi ni mwalimu wa dini na mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki. Naandika haya ili mwalimu au katekista mwingine atakayetaka kufanya tulichofanya asipotee tulipopotea sisi.

Jumamosi, 18 Januari 2025: Kilichotusukuma

Mwaka jana watoto 29 walimaliza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Waliopokea ni 24. Watano hawakuonekana kanisani siku ya Misa, nami nikadhani wanaumwa. Wiki iliyofuata nikapita majumbani. Nyumba ya tatu bibi mmoja akaniambia, "Mwalimu, gauni la elfu hamsini nitalitoa wapi? Na wageni wakija nitawapa nini? Bora mjukuu wangu asubiri." Mjukuu mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Sala ya kutubu alikuwa anaijua kuliko wengi waliopokea.

Sikutulia tangu siku ile. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapokee mara wanapoanza kupambanua mema na mabaya, yaani karibu miaka saba, kwa sababu walikuwa wanacheleweshwa bila haki. Sisi tumewachelewesha kwa ajili ya gauni, keki na turubai.

Leo nimekaa na Sista mkuu wa shule na Baba Paroko. Tumekubaliana hivi: watoto wote watavaa kanzu za aina moja, mali ya shule, za kuazima na kurudisha. Chakula kitakuwa kimoja, mahali pamoja, na hakutakuwa na kadi ya mchango. Paroko akaongeza kwamba watoto wa shule wasio Wakatoliki nao wawe na nafasi yao. Hilo tuliliandika, kisha tukalisahau hadi Mei.

Siku ni Jumapili ya 22 Juni, Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Watoto ni 34, wa darasa la tatu na la nne. Wanne kati ya wale watano wa mwaka jana wamo. Familia ya wa tano imehamia Arusha.

Jumamosi, 8 Februari: Kitambaa

Hapa nilikosea mapema. Nilienda Moshi mjini nikanunua mita 10 za marekani nyeupe kwa shilingi 3,000 mita moja, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilionekana nzito. Fundi wetu, mama wa mtoto wa darasa la pili, akashona kanzu moja ya mfano. Ilipendeza. Kisha Sista akasema tuifue kwanza. Ilipokauka ilikuwa imepanda juu karibu nusu shubiri, na mikono ilimfikia mtoto katikati ya kiwiko na kifundo. Kama tungeshona zote 34 bila kufua, ufuaji wa kwanza ungetuachia kanzu za watoto wa chekechea.

Ile marekani iliyobaki imekuwa vitambaa vya kufunikia meza. Kwa kanzu tumechukua tetroni nzito, shilingi 4,500 mita moja, mita 81 kwa kanzu 36, maana tumeongeza mbili za akiba. Ukinunua kitambaa chochote, omba kipande cha kiganja, kipime kwa rula, kiloweke usiku kucha, kianike, kipime tena. Halafu ndiyo ulipe.

Hatukupima mtoto mmoja mmoja. Fundi alitushauri saizi tatu, urefu wa inchi 38, 42 na 46 kutoka begani, na kila kanzu iachiwe pindo la inchi 3 linaloweza kufumuliwa. Hakuna zipu, shingo inafungwa kwa kifungo kimoja. Zipu ndiyo huanza kufa katika nguo ya kuazimana.

Jumatano, 5 Machi: Majivu

Leo ni Jumatano ya Majivu. Kwa mara ya kwanza watoto wenyewe wametengeneza majivu. Walizunguka jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja, wakikusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yale ambayo kila nyumba huyachomeka juu ya mlango au nyuma ya msalaba. Tuliyachoma kwenye debe, tukayachekecha kwa chujio la chai mara mbili.

Nilitaka kuyalainisha kwa maji ili yashike kwenye paji la uso. Katekista mzee akanizuia mkono. Majivu yakichanganywa na maji hugeuka magadi, yanaunguza ngozi, na yeye alishawahi kuona watoto wametoka malengelenge. Tulitumia majivu makavu, na matone machache ya mafuta ya kula. Kazi yote ilichukua alasiri moja na haikugharimu kitu.

Jumamosi, 22 Machi: Mchango tulioukataa umerudi kwa mlango wa nyuma

Tulisema hakuna kadi. Lakini kitambaa kinataka fedha, kwa hiyo katikati ya Februari tuliwaomba wazazi shilingi 15,000 kwa kila mtoto, tukaiita "gharama ya pamoja". Tulijidanganya kwa jina. Kwa wiki tano wamelipa wazazi 9. Kibaya zaidi, kuanzia wiki ya tatu mahudhurio ya mafundisho yalianza kushuka. Wiki iliyopita watoto 7 hawakuja. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa unyoofu, "Mama amesema nisije hadi apate ile hela, atanidai Mwalimu mbele ya watu."

Sijawahi kumdai mtoto yeyote mbele ya watu. Lakini daftari la majina lilikuwa mezani kwangu, wazi, na watoto wanajua kusoma.

Leo tumekutana na viongozi wa jumuiya sita za kanda yetu na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Tumefuta ile 15,000. Kila mzazi aliyelipa ameulizwa kwa faragha kama anataka kurudishiwa. Wawili wamechukua, saba wameiacha iwe sadaka, kwa hiyo tumebaki na 105,000. Chakula kitatoka kwenye jumuiya, kwa vitu: moja italeta ndizi, nyingine maharage, nyingine mchele, nyingine nyama, nyingine maziwa na mboga, ya mwisho kuni na sufuria. Kwa fedha tumeweka sanduku la mbao lenye tundu nyuma ya kanisa. Anayeweza atie, na asiandike jina. Daftari nimelichoma.

Mama mwenyekiti wa WAWATA alisema neno ambalo limenikaa: "Mwalimu, watu wa huku hawashindwi kutoa. Wanashindwa kutajwa." Kama nyie mnaanza, anzeni na sanduku na jumuiya, msipite tulikopita.

Jumamosi, 5 Aprili: Kitubio na masale

Jana Ijumaa watoto wote 34 wameungama kwa mara ya kwanza. Mazoezi ya wiki mbili zilizopita yalikuwa mabaya. Nilikuwa nawakaririsha maneno, nao wakawa wanaogopa kusahau maneno badala ya kufikiri walichokosa. Mvulana mmoja alikuwa anatunga dhambi ili zifike tatu. Na kile kiungamio chetu chenye pazia zito kiliwatisha. Paroko akaamua akae kwenye benchi chini ya mparachichi, mbele ya macho ya wote lakini mbali na masikio yao. Hofu ikaisha siku hiyohiyo.

Lililotokea baadaye ndilo nataka lisomwe vizuri.

Kwetu Uchagani, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale (wingi wake masale), mmea wa majani marefu ya kijani, na anayepelekewa hapaswi kukataa. Tulimwomba mzee wa jumuiya, babu wa mmoja wa watoto, aje darasani aeleze. Alisimulia kwa nusu saa na hakuna mtoto aliyejikuna. Ilionekana kwangu kwamba ukitaka mtoto wa hapa aelewe Kitubio, hapo ndipo pa kuanzia: kuna jani ambalo babu zake walilibeba mkononi walipoenda kusema nimekosa. Tukapanga kila mtoto akishaungama ampelekee isale mtu aliyemkosea, shuleni au nyumbani.

Niliwaambia, "Kesho kila mmoja aje na isale." Sikusema wakate wapi, wala wakate kiasi gani.

Masale hayaoti ovyo. Hupandwa kwenye makaburi, na hupandwa kuwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia la migomba na kahawa. Wavulana wawili, wakirudi nyumbani, waling'oa masale manne, na mizizi yake, kwenye mstari unaotenganisha vihamba vya majirani wawili. Hao majirani walishawahi kugombania mstari huo miaka mingi, wazee wakaamua, na masale yale ndiyo yaliyokuwa hati. Jioni ile kila mmoja alikuta mashimo akaamini mwenzake ndiye. Leo asubuhi wamefika shuleni wote wawili, kwa njia mbili tofauti, baada ya mtoto mmoja kusema ukweli nyumbani.

Wale wavulana hawakukosa. Mimi ndiye niliyewatuma.

Jumatano, 9 Aprili: Tumerudisha mpaka

Tumekutana kihambani saa kumi jioni: majirani wote wawili na wake zao, mwenyekiti wa kitongoji, yule mzee, wavulana wawili na wazazi wao, na mimi. Kwa bahati mashimo yalikuwa hayajafukiwa na mvua. Mzee alivuta kamba kutoka isale la juu hadi la chini, wote wakakubali kwamba mashimo yako kwenye kamba, ndipo watoto wakapanda. Masale tulikuwa tumeyaweka kwenye ndoo ya tope siku hizo zote. Mmea huu ni mvumilivu, hata kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hushika.

Nilikuwa nimebeba majani mawili. Nilimpa wa kwanza nikamwambia nimekosa, akapokea. Wa pili alinitazama muda, akasema, "Mwalimu, kwako hili ni jani. Kwangu ni baba yangu." Kisha akapokea.

Watakaofuata wafanye hivi: wapande masale ya shule mwaka mmoja kabla. Sisi tumechomeka vipande 12 kando ya mfereji, kwa ruhusa ya mwenye kihamba tulichokatia. Mtoto apewe jani moja na mwalimu mwenyewe, lililokatwa kwa mkasi, na asitumwe kutafuta.

Jumatatu, 21 Aprili: Mishumaa, na habari kutoka Roma

Mkesha wa Pasaka, usiku wa Jumamosi, tulitaka watoto wajaribu kushika mishumaa wakati wa kurudia ahadi za ubatizo. Nilikuwa nimenunua mishumaa 40 myembamba ya shilingi 300, nikaiweka kwenye kabati la jikoni karibu na jiko la kuni. Ilipotolewa, nusu yake ilikuwa imepinda kama kucha za kuku. Iliyobaki ilichuruza nta mpaka vidoleni, watoto wakaanza kupiga kelele, mmoja akauangusha wa kwake sakafuni karibu na kanga ya mama aliyekuwa mbele.

Nilishtuka zaidi nilipokumbuka kanzu. Tetroni ikishika moto haiungui tu, inayeyuka na kung'ang'ania mwilini. Tumebadilisha mambo: mishumaa minene ya shilingi 800, kila mmoja upitishwe kwenye duara la boksi ili nta iishie hapo, mzazi au msimamizi asimame nyuma ya kila mtoto, mishumaa iwashwe kwa ahadi za ubatizo tu na kuzimwa mara moja. Ndoo mbili za mchanga zikae kando. Na isihifadhiwe jikoni.

Leo, Jumatatu ya Pasaka, tumepata habari kwamba Papa Fransisko amefariki. Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuja wenyewe shuleni alasiri, bila kuitwa, tukasali rozari.

Jumamosi, 10 Mei: Watoto tuliowaacha darasani

Mwezi wa Maria unaendelea, kila jioni watoto wanasali rozari kwenye jumuiya zao, masika au si masika. Alhamisi tumempata Papa Leo wa Kumi na Nne. Tangu Pasaka mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu alikuwa ameona kwamba Misani jina la Papa halitajwi, akauliza kwa nini. Kesho atalisikia.

Sasa lile tulilolisahau. Katika darasa la tatu na la nne tuna Walutheri kumi na mmoja na Waislamu watatu. Kila tulipofanya mazoezi tuliwaachia kazi ya kujisomea. Mama wa mmoja wa Waislamu alikuja wiki hii, akaketi, akasema kwa upole, "Mwalimu, sikuja kulalamika dini. Mwanangu ananiuliza kwa nini sherehe ya shule si ya kwake, wakati ada tunalipa sawa na ugali anakula sawa." Sikuwa na jibu.

Nimewaita wazazi wote 14 na kuwauliza, badala ya kuwapangia. Walutheri wanataka kuimba, na nyimbo kadhaa wanazijua kutuzidi, kwa hiyo wameingia kwaya. Wazazi wa Kiislamu wamependelea watoto wao wawe wa kupokea wageni na kunawisha mikono wakati wa chakula, na wakati wa Misa wakae nao nje chini ya mti. Jumuiya ya nyama nayo imemwomba mzee wa Kiislamu wa jirani achinje, ili kila mtu ale sufuria moja. Hili lilikuwa jepesi sana. Lingefanyika Januari kama ningeuliza.

Jumanne, 3 Juni: Mashahidi wa Uganda

Watoto wameigiza kisa cha Kizito, mdogo kuliko wenzake, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kuuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Safari hii niliwaeleza pia kwamba Waanglikana walikufa pamoja na Wakatoliki katika mateso yaleyale. Wanakwaya wetu wa Kilutheri walinyamaza wakasikiliza kwa namna mpya.

Jumamosi, 14 Juni: Mazoezi ya mwisho

Likizo imetupunguzia watoto. Walikuja 21, wengine wamepelekwa kwa bibi zao. Tumewapigia wazazi simu moja moja, na mazoezi yamehamia Jumamosi asubuhi peke yake. Tulijaribu hostia zisizogeuzwa, ambazo ni ngano na maji tu, ili wazoee. Wengi walisema ladha yake ni kama karatasi. Ni vizuri waseme leo.

Mpiga picha tumemweka mmoja, elfu thelathini, na picha moja iliyosafishwa kwa kila mtoto kwa shilingi 1,000. Mwaka jana watu watano walikuwa wanazunguka altareni na simu.

Jumapili, 22 Juni: Siku yenyewe

Wamepokea wote 34.

Kabla ya Misa ya saa tatu nilimkuta mvulana mmoja analia nyuma ya sakristia. Saa mbili na nusu, njiani, alikuwa amekula andazi, akaamini amejiharibia siku. Paroko alitoka na stola mkononi, akachuchumaa, akamweleza kwamba saga, yaani kufunga kula kabla ya Komunyo, ni saa moja kabla ya kupokea, si kabla ya Misa, na Komunyo haitafika kabla ya saa nne. Mtoto akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Walimu, fundisheni saga kwa saa ya ukutani, si kwa neno "usile".

Sikuweza kutofautisha mtoto wa nani ni nani. Bibi wa mwaka jana alikuwa benchi la pili, na mjukuu wake alipita mbele yake kwenye kanzu ya inchi 42 kama wenzake wote.

Chakula kilitushinda kidogo. Tulipika kwa watu 300, wakaja zaidi ya 400, kwa sababu sherehe isiyo na kadi haina wa kumzuia mlangoni. Wali uliisha kabla ya mistari miwili ya mwisho. Akina mama walikimbia kwenye vihamba vya jirani wakarudi na mikungu ya ndizi, na baada ya saa moja machalari yakaiva. Watoto walikuwa wamekula kwanza, hilo tulilipanga vizuri. Mwakani tutahesabu kwa idadi ya nyumba za jumuiya, si kwa idadi ya wapokeaji.

Familia tatu ziliweka turubai zao nyumbani jioni, na keki, na muziki. Paroko alikuwa ameziomba zisubiri hadi saa kumi, na zilisubiri. Liliniuma hata hivyo, kwa sababu watoto kadhaa waliondoka uwanjani kwetu kwenda kutazama keki. Sitaki kumkataza mzazi kufurahi kwake. Lakini nitakwenda kuongea na wazazi mmoja mmoja mapema zaidi, Januari, kabla hawajaweka oda.

Jumamosi, 28 Juni: Hesabu

Tumetumia shilingi 682,500. Kitambaa cha tetroni kilichukua 364,500, fundi 108,000 kwa kanzu 36, uzi na vifungo 14,000, na ile marekani ya makosa 30,000. Mishumaa iliyopinda ilikuwa 12,000, mizuri 32,000. Picha na mpiga picha 64,000. Sukari, majani ya chai, chumvi na mafuta 58,000, na vyakula vingine vyote vilitoka mikononi mwa jumuiya.

Upande wa mapato, wazazi 105,000, parokia 200,000, WAWATA 150,000, na sanduku la mbao lilipofunguliwa mbele ya viongozi wa jumuiya lilikuwa na 231,500. Zimebaki 4,000. Mwakani, kanzu zikiwapo tayari, gharama zilizobaki ni kama 154,000 tu.

Kanzu zimefuliwa na kukunjwa kwa saizi, zimewekwa na majani makavu ya mwarobaini dhidi ya nondo na mende. Za inchi 46 hazikutosha, tutaongeza tatu. Kanzu mbili hazijarudi. Nitazifuata Jumatatu.